Meshaki wa Kizuka na Karatasi Niliyokuandikia

Hukuwa na viatu vya kanisani mpaka ulipofikisha miaka thelathini. Hukuwa na cheti, wala siku moja ya darasani. Hukuwa na sauti ya kuimba, ingawa uliimba kila siku. Hukuwa na subira na mbuzi, wala na mtu anayechanganya maji kwenye mafuta. Adui hukuwa naye, au kama alikuwepo hatukumjua. Na katika miaka yako ya mwisho hukuwa na mtu wa kukuambia, "Meshaki, nenda ukapimwe," isipokuwa mke wako, na yeye mimi nilimnyamazisha.

Mwaka umetimia wiki hii, mdogo wangu, tangu tukulaze katika udongo wa Kizuka, hatua chache kutoka kwenye mashine yako ya kukamulia mawese. Familia imeniachia mimi, Pontiani, kaka yako mkubwa, niandike kumbukumbu hii, kwa kuwa katika nyumba yetu mwandishi ni mimi. Nasema na wewe. Wanaume wengine wa pwani hii ya ziwa wakisikia, wasikie.

Tunakumbuka mikono yako iliyokuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Tunakumbuka ulivyousukuma ule mti mrefu wa mashine ukizunguka na kuzunguka, ukiimba wimbo wa kanisa kwa namna ambayo hata mwalimu wa kwaya alikuwa anapita mbali. Siku ya kuchemsha ngazi za michikichi uliwaita watoto wa jirani waje na mihogo yao iliyochemshwa, wachovye kwenye povu la mafuta kabla halijatulia. Hakuna aliyekuagiza kufanya hivyo. Sasa mashine imesimama, na watoto bado wanapita na mihogo mkononi, wanachungulia, wanaondoka.

Nami nakumbuka jambo ambalo wanangu hawalijui. Tulipokuwa wakimbizi kule Mishamo, Tanzania, kulikuwa na masomo ya jioni kwa watu wazima. Mimi nilitaka kusoma, na shamba halikungoja. Ulichukua jembe langu ukaniambia, "Kaka, wewe nenda, sehemu yako nitalima mimi." Ulilima sehemu mbili kwa miaka minne. Kila neno ninaloweza kuandika hapa lilitoka kwenye mgongo wako.

Ndiyo maana uliniamini. Unakumbuka mwaka ule uvumi ulipoenea kambini kwamba malori yanakuja kuturudisha Burundi? Tuling'oa mihogo kabla ya wakati wake, tukafunga mizigo, tukakaa barabarani siku tatu. Lori halikuja. Tulilala njaa msimu mzima. Hapo sisi ndugu watatu, mimi, wewe na mdogo wetu Revokatus, tukaweka sharti: jambo kubwa la mdomo hatulifuati. Mpaka Kaka asome, aandike, atie sahihi. Tuliporudi nyumbani miaka mingi baadaye, tulirudi kwa karatasi yangu. Revokatus alipobaki Mishamo na mke wake Joanita, alibaki kwa karatasi yangu. Nilijivunia jambo hilo, Meshaki. Nilitembea nalo kifua mbele.

Halafu ukaja kwangu Rumonge mjini, miaka mitatu imepita sasa. Ulikaa mkekani, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zikapoa mbele yako.

"Kaka, nikienda kukojoa nasimama mpaka kuku wananizoea."

Nilicheka. Wewe hukucheka.

"Baba mkwe wangu alianza hivi hivi," ukasema. "Naogopa."

Mtu mwingine angekushika mkono akupeleke hospitali, na hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mimi nilikuambia unisubiri nisome.

Nilikuwa na gazeti la afya la Kiswahili. Sharifa, yule mfanyabiashara anayepeleka mawese Kigoma, huniletea kila karatasi iliyochapishwa anayoikuta huko. Ndani yake mlikuwa na habari ndefu kuhusu mboga na saratani ya tezi dume. Niliisoma mara mbili nikiwa nimevaa miwani. Kisha nikafanya kama mwalimu wetu wa jioni alivyotufundisha, kazi ambayo darasani nilikuwa wa kwanza: ufupisho. Aya kumi ziwe mistari mitatu. Toa mifano, toa marudio, bakiza kiini.

Nikaandika: *Saratani ya tezi dume huzuiwa na mboga. Nyanya zipikwe na mafuta, kabichi na lengalenga ziliwe kila siku. Mwanamume akila hivyo hana la kuogopa.*

Nikatia sahihi. Nakala moja yako, nyingine ya Revokatus.

Leo naandika nilichokitoa. Gazeti lilisema kwamba katika baadhi ya tafiti, wanaume waliozoea kula nyanya zilizopikwa na mboga walionekana kuugua mara chache kuliko wengine, lakini tafiti nyingine hazikuona hivyo, na wataalamu hawajakubaliana. Lilisema mwenye dalili apimwe, asingoje. Na karibu na mwisho lilisema kwamba wanaume waliokuwa tayari na saratani changa walihimizwa kula mboga nyingi kwa miaka miwili, na ugonjwa haukupunguza mwendo kuliko kwa wenzao ambao hawakuhimizwa. Hayo yote niliyasoma. Karatasi haikuchanika, taa haikuzimika. Niliyaona nikayatoa, kwa sababu yaliharibu ufupisho wangu. Na ule mstari wa tatu, kwamba hana la kuogopa, haukuwemo gazetini kabisa. Niliuongeza mimi, kwa kuwa uliniambia unaogopa.

Wewe ambaye ulizoea kusema "mimi si mbuzi" kila ukiwekewa mboga, ulianza kula. Uliacha samaki wa kukaanga, mukeke uliokuwa unaupenda. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli mpaka Kizuka kukagua sufuria. Nilikuwa nafunua kifuniko, nachota kwa kijiko, natikisa kichwa kama daktari. Naona aibu kuliandika hili, lakini watoto wako walikuwepo.

Mkeo Pascasie hakuwa na gazeti, alikuwa na macho. Siku moja alikishikilia kifuniko cha sufuria nisikichukue.

"Shemeji, mutu iko anakojoa damu, na wewe unamuletea nyanya?"

"Hii ni *recherche*, utafiti, shemeji," nikamjibu. "Watu wamesoma."

"Sawa. Hiyo *recherche* ije basi imusaidie kusukuma muti wa mashini, maana yeye hawezi tena."

Niligeuka kukutazama wewe. Kama ungesema neno moja upande wake, labda ningekubali. Ulikuwa umekaa kwenye gogo, mkono mmoja kiunoni, bakuli la lengalenga magotini.

"Muache, mama Eliana," ukasema. "Kaka ameandika."

Ukaendelea kula.

Miezi kumi na minne ulikula hivyo. Pascasie alipokupeleka hospitali hakuniuliza, na alifanya vizuri. Kutoka Rumonge wakakupeleka Bujumbura. Nilikufuata, nikaingia na wewe kwa daktari, kijana mpole mwenye umri wa mwanangu wa mwisho. Alitazama picha za mifupa yako muda mrefu.

"Papa, mulikuwa wapi muda huu wote?"

Nilijua swali lile ni langu. Ulilichukua wewe.

"Tulikuwa tunakula mboga, *docteur*."

"Mboga iko muzuri, papa. Hata mimi nakula. Lakini mboga haipimi mutu."

Hukunitazama. Hukusema nani aliandika. Mpaka leo daktari yule hajui kwamba yule mzee aliyevaa koti na kalamu mfukoni ndiye aliyekuchelewesha. Nilimfuata nje nikamuuliza kama kungekuwa na tofauti. Akasema, "Sijui, muzee. Siwezi kukudanganya. Lakini tungejua mapema, tungekuwa na cha kujaribu." Hiyo *sijui* nimeibeba mwaka mzima. Ningependa angenitukana.

Siku zako za mwisho, hapa Kizuka, ulipokuwa umepungua mpaka shuka lilionekana zito juu yako, uliniita karibu.

"Revo bado anakula?"

Sikuelewa.

"Mdogo wetu. Ulimpelekea karatasi ileile. Mwandikie, Kaka."

"Nitaandika."

"Mwandikie ukweli."

Nikasema ndiyo. Hilo lilikuwa neno la mwisho uliloniomba, na mwaka umepita bila mimi kulitimiza. Nilianza barua hiyo mara saba. Kila mara nilijaza ukurasa kwa habari za mvua na bei ya mchele, halafu nikaandika kwamba mambo yamebadilika, kwamba wataalamu wa siku hizi wanasema vingine, kwamba gazeti halikuwa wazi. Gazeti lilikuwa wazi. Nilichana zote saba. Watu walidhani huzuni imenizuia, wakaniheshimu zaidi.

Wiki tatu zilizopita Joanita alipiga simu kutoka Mishamo. Akasema shemeji, mume wangu haishi kusimama akiwa shambani, anajificha nyuma ya migomba, anarudi amekunja uso, na nikimwambia twende Mpanda hospitali ananionyesha ukuta. Nikamwomba ampe simu.

"Revo, nenda ukapimwe."

"Amahoro, Kaka! Salamu kwanza."

"Amahoro. Nenda ukapimwe."

"Nipimwe nini? Karatasi yako iko hapa ukutani, nimeibandika na ugali. Nakula nyanya mpaka Joanita amenichoka. Umeandika sina la kuogopa."

"Nilikosea."

Akacheka.

"Wewe nani umeshika simu ya kaka yangu?"

"Ni mimi, Pontiani."

"Kaka yangu nimeishi naye miaka sitini, neno hilo hajawahi kulisema. Mpe Kaka simu."

Nilimtajia majina ya wazazi. Nilimtajia mbwa wetu wa Mishamo. Akaamini kuwa ni mimi, lakini akasema huenda ni msiba wako unaonisumbua kichwa. "Ya mdomo hatuyafuati, Kaka. Sharti ni lako mwenyewe. Andika, utie sahihi. Siku itakayofika naenda." Nimepiga tena mara nyingi. Joanita naye amemlilia. Jibu ni lilelile. Simu yake ni ya vitufe, haipokei picha ya karatasi. Yuko kule, Meshaki, anakula mboga kwa utii kama ulivyokula wewe, na sijui ndani yake kumefika wapi. Inaweza kuwa ni uzee tu. Inaweza kuwa bado mapema. Inaweza kuwa nimeua wawili. Siwezi kusoma kitabu chochote kikaniambia ni lipi.

Jana asubuhi, baada ya maombi kwenye kaburi lako, nilikaa kwenye gogo lako karibu na mashine, nikaandika mbele ya wote. Safari hii sikufupisha. Wanangu walinisikia nikiyasoma kwa sauti kila nilipomaliza mstari:

*Ndugu yangu Revokatus. Karatasi iliyo ukutani kwako ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Gazeti lilisema mwenye dalili apimwe, nikalitoa neno hilo. Meshaki aliifuata karatasi hiyo miezi kumi na minne, na hospitali ikampokea akiwa amechelewa. Alijua kosa ni langu, akalificha. Kula mboga, ni chakula kizuri, lakini hazipimi mtu. Siku utakayopata barua hii nenda Mpanda na Joanita. Waambie kila kitu bila haya. Bandua ile karatasi, bandika hii. Kaka yako, aliyekosea, Pontiani.*

Kalamu iliteleza kwenye neno *aliyekosea*, sahihi ikapinda. Nikaogopa atasema si yangu. Binti yako Eliana akasema, "Baba mukubwa, basi tuweke sahihi sisi wote, hatabisha watu wote." Akaandika jina lake. Mwanao Jephté akaandika lake chini. Mke wangu Yudita akaandika, akaongeza kwamba amenishuhudia. Pascasie, ambaye hajui kuandika, alitafuta wino wa muhuri hakuuona. Akaenda kwenye debe la mwisho ulilokamua wewe, ambalo amekataa kuliuza, akachovya kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi.

"Akinusa tu atajua," akasema. "Mafuta ya Meshaki hakuna mwingine anayetoa."

Hao ndio wanaokukumbuka, mdogo wangu, majina yao yako mle ndani ya barua: mkeo Pascasie, watoto wako Eliana na Jephté, shemeji yako Yudita, na mimi. Revokatus na Joanita wataongeza yao wakiipata. Maadamu kuna mmoja wetu anayepumua, jina lako litatajwa katika nyumba hii.

Nilimwomba Pascasie radhi hapo hapo. Alikwenda jikoni, akarudi na bonge dogo la bugali la moto kwenye jani la mgomba, kwa ajili ya kufungia bahasha, kama tulivyokuwa tunafanya Mishamo. Akaliweka karibu na mkono wangu, akasimama kungoja nifunge.

Nilipaka, nikabonyeza, nikahesabu mpaka mia ili ishike. Sharifa alikuwa ameegesha lori barabarani akipakia madebe ya Kigoma.

"Muzee, leo barua imefungwa? Zako zote unapenda tusome, tuone unavyojua kuandika!"

"Hii isomwe na Revokatus."

Aliigeuza, akaona doa jekundu lililoanza kutokeza kwenye bahasha, akaacha utani. Aliifunga ndani ya kitenge chake kiunoni, si ndani ya mkoba. Akasema ataikabidhi mwenyewe kwa dereva wa basi la Mishamo anayemjua kwa jina. Lori likaondoka kuelekea Nyanza-Lac na mpakani. Nilisimama barabarani na bugali imekauka kwenye vidole mpaka lilipopotea kwenye kona. Imekwenda, Meshaki.