Fundi Aliyemo Tumboni Mwangu

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. U hali gani? Mgongo umetulia, au mifuko ya saruji bado inakusumbua? Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo silitumii kwa adabu tu.

Tangu uliponipa uboho wa mifupa yako, damu yangu imerudi vizuri. Tumbo ndilo lililogoma. Zile dawa kali za kabla ya kupandikizwa zilikuwa zimeuchubua utumbo kwa ndani, na miezi sita nimekuwa nikinywa uji na uji unanikimbia. Daktari alinieleza waziwazi kwamba nisipoanza kupona atanirudisha kitandani, nilishwe kwa mpira wa mshipani. Akachukua kinyama kidogo cha utumbo, akakipeleka maabara.

Maabara yenyewe ni hii ninayofanyia kazi, na nilikuwa nimeanza kurudi nusu siku. Slaidi zetu, vile vioo vya kuwekea nyama ya kupimwa, hazina majina, zina namba na neno moja tu, mwanamume au mwanamke. Jumanne nikaweka chini ya darubini slaidi ya mwanamume, imetiwa rangi ya kutofautisha seli za kike na za kiume. Nikaona za kike zimejipanga kwenye ukuta wa utumbo, bega kwa bega na za kiume. Nikapandwa na mori. Nilimwendea Polepole, mwenzetu anayeandaa slaidi, nikamwambia mbele za watu kwamba amechanganya nyama za wagonjwa wawili, na fomu ya malalamiko nikaijaza palepale. Unaujua mdomo wangu. Polepole hakubisha. Alifuta miwani yake, akauliza kama huyo mwanamume hakupandikizwa uboho wa mwanamke. Nikafungua daftari kutafuta namba. Ilikuwa yangu.

Nilichana fomu, nikamwomba radhi mbele ya watu walewale, kisha nikarudi kwenye darubini kukutazama. Daktari anasema seli zako huko si nyingi, kazi kubwa zinaifanya zangu, lakini zako nazo zimefika kwa njia ya damu, zimeziba palipochubuka na utumbo unapona. Sirudi kitandani. Juzi nimemaliza sahani nzima ya wali. Idara yote nimeitangazia kwamba dada yangu ni fundi mwashi, na sasa anapiga lipu tumboni mwangu. Wamechoka kunisikiliza, na mimi sijachoka kujivuna.

Lakini kuna jambo linaniuma, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Ulipoacha ualimu ukashika mwiko, nilisema mwanamke hajengi, nikaacha kupokea simu zako miaka mitano. Wewe unadhani uliitwa hospitali kwa ombi langu. Sivyo. Kwenye fomu yao, palipouliza ndugu wa tumbo moja, niliandika kwamba sina. Mama ndiye aliyeiona, akakupigia bila kuniambia. Nilikuwa radhi nife kuliko kukuomba. Ukaja kesho yake, ukanyoosha mkono, hukuniuliza hata swali moja. Nisamehe. Nilikukana, nawe umo mwilini mwangu unafanya kazi.

Wasalimu mafundi wenzako. Nguvu zikirudi nitakuja nikuchotee mchanga, ukikubali kibarua mwenye mdomo.

Ni mimi kaka yako,
ndugu yako wa tumbo moja.