Mstari Kwenye Kitako cha Beseni

Juma, mume mwenzangu,

Shikamoo yako imefika Temeke, marahaba. Sie wazima. Bibi yako bado anakuita mume wake, nami navumilia tu.

Unauliza: umekwaruza kalibu huko kiwandani Mwanza, hakuna aliyekuona, useme au unyamaze? Umemuuliza mharibifu mkongwe.

Kwenye kiwanda chetu cha mabeseni, plastiki ikinasa ndani ya kalibu ya kuumbia, tuliitoa kwa kijiti cha shaba. Chuma kilikuwa marufuku. Mie kwa kiherehere changu nikachokoa kwa bisibisi, nikaikwaruza kalibu. Tangu hapo kila beseni likatoka na mstari kwenye kitako. Siku mbili nikajifanya kipofu. Ya tatu nikamfuata fundi mkuu, Mzee Salehe.

"Bisibisi, siyo?" akasema. "Nilijua tangu juzi. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe, usingekuja, leo jioni ningekufukuza. Chukua msasa, punda wewe!"

Nikaisugua kalibu mpaka mstari ukafutika. Nikazeekea palepale.

Huyo fundi wako, mjukuu wangu, huenda naye anakungoja.

Beseni moja lenye mstari nililichukua nyumbani. Ndilo bibi yako alilokuogeshea, ukimrushia maji huku unacheka. Halijapasuka hadi leo, na bibi yako hataki litumike kufulia nguo. Asubuhi nimeligeuza pale uani, nikaupapasa ule mstari kwa kidole.

Njoo basi, hata kama huenei tena humo.

Babu yako