Nilimwita Mwalimu Kigae, Sasa Sumaku Imeelea

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimemkosea binti yangu Irine, tena mbele za watu. Mimi napandisha ng'ombe kwa mrija huku Vudee, natembea na mtungi wa naitrojeni, ile baridi kali ya kutunzia mbegu za madume, na Irine anafundisha fizikia sekondari moja kule Same, sasa mwezi uliopita alipanda kutusalimia akiwa na kigae cheusi kama kifungo cha koti, anasema wamekichoma chuoni, ni shaba na oksijeni na vitu vingine, "Baba, nimiminie baridi yako hapa, sumaku itaelea."

Tulikuwa nje ya kanisa kwenye mnada wa sadaka, watu wamejaa, nikachukua kasumaku kake nikakagusisha kwenye kigae, hakanasi, hakasukumwi, nikapaza sauti, "Jamani, aliyebandukiwa kigae chooni aje, Mwalimu Kigae kakileta!" Watu hoi kwa kicheko.

Akajitahidi kunieleza. "Baba, humo kila chembe ya shaba ni kasumaku, ila mmoja akitazama juu jirani yake anatazama chini, wanafutana. Oksijeni ikiongezwa mpangilio unavurugika, na kikipoa sana umeme unapita bila kupotea, sumaku inasukumwa. Kama ni huo ubishi wa majirani unaozifanya chembe za umeme zitembee mbili mbili, wataalamu bado wanabishana." Nikamjibu baridi yangu ni ya ng'ombe, si ya mazingaombwe. Akashuka Same bila kula, kigae na sumaku akaviacha mezani.

Juzi nikashindwa kuvumilia, nikakiweka kigae kwenye kifuniko cha hotipoti, nikamimina baridi, nikaweka kasumaku juu. Mshauri, kasumaku kakakaa hewani! Nikakagusa, kanazunguka tu. Mke wangu Hedwiga akatoka jikoni, "We Elirehema! Na hotipoti yangu ya harusi?" Alipoona akakaa chini, akasema, "Na mtoto ulimcheka."

Sasa kijiji kizima kinamwita Mwalimu Kigae, jina limefika mpaka kwa wanafunzi wake, nikimpigia anasema "Shikamoo baba, niko darasani," anakata, hata Jumapili. Nafikiria nipeleke mtungi shuleni, nimwachie mlinzi ampe Irine, niondoke kimyakimya. Nifanyeje?

Baba Irine, Vudee

JIBU

Baba Irine, pole, ila nimecheka, na Hedwiga nampa mkono. Wataalamu wenyewe bado wanabishana, wewe ukamaliza kesi na kasumaku mkononi, kigae hata hakijapoa! Ng'ombe asipokuwa kwenye joto lake unampandisha? Unasubiri wakati wake. Binti yako alikuomba hicho hicho, ukamnyima.

Mtungi kwa mlinzi? Acha woga. Ulipaza sauti kumcheka, sasa unataka kutubu kwa kunong'ona? Jina ulilitoa mnadani, kalifute mnadani, kwa sauti ile ile. Na usimuonyeshe mtu kigae kabla yake; hayo ni maonyesho yake, wewe ni mbeba mtungi. Ila kwanza mpigie, useme "nisamehe" kabla hajamaliza shikamoo.

UJUMBE ULIOFUATA

Mshauri, nimempigia. Nikamuwahi. Akauliza, "Baba, kweli kalizunguka?" Nikasema kalizunguka mwanangu, mama yako shahidi. Akacheka. Jumapili hii anapanda, na kabla kuku wa kwanza hajanadiwa nitasimama mbele ya wale wale niseme nilikosea, kisha nimmiminie. Hotipoti Hedwiga kaitoa mwenyewe.