Feni ya Pikapu ya Mzee

Kaka, nimekwisha. Pikapu ya baba wa binti ninayemposa imechemka mlimani, naye mwenyewe alikuwa anaendesha.

Swichi ya feni ya rejeta, ile ya kupoza injini, ilipokufa nilijigamba kwamba hatuhitaji fundi, nikaunganisha nyaya zake na taa za mbele. Taa zikiwaka, feni inazunguka. Sikumwambia.

Leo mzee kazima taa nilizoziwasha. "Mchana kweupe unammulika nani, fundi?" Kazima, kaka. Nami kiburi kikanifunga mdomo, natazama mshale wa joto ukipanda.

Sasa injini imekufa, mvuke kila mahali.

Nimemweleza. Hakufoka. Kawasha taa, feni ikazunguka, akaitazama weee. Kisha: "Na binti yangu ungemficha mangapi?"

Njoo na kamba ya kuvutia gari.