Mashine ya Mama Haijapona

Samuye,
kwa njia ya Posta ya Shinyanga,
16 Septemba 1951.

Mpendwa mdogo wangu Theonest,

Pokea salamu za nyumba nzima. Habari za Geita, na kazi ya mgodini inakwendaje? Shemeji Klara na mtoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila Mama anasumbuliwa kidogo na magoti.

Mvua bado. Mtama tuliovuna unatosha, na ng'ombe wanapata maji, ingawa ni mbali.

Sasa nije kwenye jambo linalonihuzunisha, nalo ni ile mashine ya kusaga. Ulipokuja likizo ukayachonga upya mawe yake ili unga usiwe na mchanga, ulipomaliza uliupima unga kwa vidole, ukasema, "Imepona, Mama. Waite wateja." Nilikuomba ulale hata siku moja, Mama apike ugali wa unga ule, tuule kwanza. Ukanicheka: "Kaka, mimi fundi, si mpishi." Ukapanda lori.

Mama akaamini. Akawatangazia wanawake sokoni kwamba mashine imepona, mwanawe mwenyewe amesema. Wiki ileile jirani yetu Mbuke, yule aliyekuwa wa kwanza kulalamika kwamba unga wetu una mchanga, akafiwa na mkwewe. Akasagisha kwetu madebe mawili ya kulisha waombolezaji. Tonge la kwanza tu, watu wakaacha kutafuna. Mzee mmoja akauliza, "Udongo wa kaburini ulibaki, au ndio huu tunaokula?"

 Tangu siku hiyo Mbuke anasaga kwa jiwe nyumbani kwake, na wenzake wamemfuata.

Siulaumu ufundi wako. Lakini mchanga ule aliuona mlaji, si fundi, na mlaji ndiye wa kusema umekwisha. Najuta sikukung'ang'ania.

Sasa kila asubuhi Mama husaga kibakuli kimoja, hupika, huonja peke yake, kisha hutema. Amenituma nikuandikie kwamba mashine imepona kabisa, usije ukaomba ruhusa ukafukuzwa kazi. Nimekaa na kalamu muda mrefu, na neno hilo limenishinda kuliandika.

Kuja au kutokuja, amua mwenyewe. Ukija, njoo na njaa.

Msalimie Klara, mbusu mtoto, na mwenzako wa mgodini Marcel umwambie wazazi wake hawajambo. Mungu akushike mkono kila unaposhuka shimoni, akupandishe salama.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Onesmo Masele