Kliniki Hawajaribishi

Jumanne usiku

Hamisi alinuna njia nzima, eti nimemwaibisha mbele ya daktari. Kwani mimi nimekosea nini? Daktari katutajia bei ya kupandikiza mimba, bei ya kumeza kiwanja chetu cha Chanika na miembe yake, nami nikamuuliza kistaarabu, "Na isiposhika, dokta, mnatubadilishia?"

Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Lakini muuza balbu wa Kariakoo aulizeje? Kwetu mteja hatoi hela mpaka balbu ichomekwe, iwake akiiona. Daktari akacheka. Isiposhika, akasema, mnalipa upya.

Pale kwenye viti vya kusubiri kulikuwa na dada mmoja ananukia vizuri, kaja na dereva wake. Akaniambia hii ni mara yake ya nne, kama mimi ninavyosema naenda kusuka. Nikamwombea dua, na wivu nikauona. Sisi kiwanja ni kimoja, kikishaenda...

Jioni tuko dukani, akaja mzee mmoja na balbu ya juzi, imeungua. Ukutani pameandikwa mali ikiuzwa hairudishwi, na mwandiko ni wangu.

"Iliwaka usiku mmoja tu, mwanangu."

Nikampa nyingine.

Hamisi akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu kliniki. "Umeanza lini kubadilisha?"

"Leo."

Akaichukua ile balbu mpya, akaichomeka mwenyewe, tukasimama wote watatu tukiitazama inavyowaka.