Kinyago cha Mkulima

Jumatano, 1968

Kumbe asili ya mtu huonekana hata nyuma ya karatasi! Leo ofisa wa serikali alikuja kukagua mchezo wetu, vijana wote wamevaa vinyago vya magazeti walivyotengeneza wenyewe. Akampigapiga begani Nassor, anayecheza mkulima. "Huyu mkulima hasa! Damu yake yasema."

Damu! Baba yake Nassor ni Mwarabu aliyenyang'anywa mashamba baada ya Mapinduzi. Na yule "tajiri" wa mchezo, aliyemkera ofisa kwa kile alichokiita kiburi cha kuzaliwa nacho, ni Juma, mtoto wa mchukuzi wa sokoni Darajani.

"Mwalimu, wavue vinyago tuwaone," akasema ofisa.

Nikamwahi: "Gundi bado mbichi, Mheshimiwa. Vitachanika."

Nnafundisha kuigiza, na leo nimeigiza kuliko wote.

Alipoondoka vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Nassor hakucheka. Aliniuliza kama anaweza kurudi nyumbani na kinyago chake usoni.